Kiti, Ngoma na Majina Yake: Istilahi katika Makumbusho ya Bujora

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafasiri, walimu na watumishi wa serikali juu ya istilahi, yako yale yahusuyo makumbusho na vitu vya sanaa. Mwalimu anayewaandaa wanafunzi kwa ziara, afisa utamaduni anayeandika orodha ya vitu vilivyohifadhiwa, na mfasiri anayegeuza kitabu cha maelezo ya wageni, wote hukabiliwa na tatizo moja. Kitu kipo mbele ya macho. Kina jina katika lugha ya waliokitengeneza, kina jina katika Kiingereza, lakini jina lake la Kiswahili halijatulia. Kwa kawaida mwandishi huanzia kwenye jina la Kiingereza, akafungua kamusi, akachukua neno lililo karibu. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia ya makumbusho yaliyo karibu na Ziwa Victoria, kwamba njia hiyo hutupotezea maana zilizokuwa mlangoni petu, na kwamba lugha ya waliokitengeneza kitu ndiyo inayostahili kuulizwa kwanza.

Makumbusho tunayoyakusudia ni yale ya Wasukuma yaliyoko Bujora, karibu na Kisesa, kilomita zipatazo 20 mashariki ya jiji la Mwanza, katika upande wa njia iendayo Musoma. Tumeyachagua kwa sababu vitu vingi vilivyomo ni vya madaraka na vya sanaa kwa pamoja, na hapo ndipo mfasiri hukosea kwa urahisi zaidi.

Neno makumbusho na neno sanaa

Yafaa kwanza tuyatazame maneno mawili ambayo bila hayo mazungumzo yetu hayawezi kuendelea. Neno makumbusho limetokana na kitenzi kukumbuka, katika kauli ya kutendesha: ni mahali pa kukumbusha. Zanzibar ilipata nyumba ya namna hiyo mwaka 1925, nayo ni Beit el Amani, iliyojengwa kuwa kumbukumbu ya amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Dar es Salaam ilipata ya kwake mwaka 1940, nayo ikawa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Nyumba zote mbili zilijengwa ziwe kumbukumbu, na neno makumbusho liliziafiki. Neno linalotumiwa katika lugha za Ulaya lina asili nyingine: limetoka katika Kiyunani, ambako lilikuwa na maana ya mahali pa miungu wa kike waliosimamia nyimbo, ushairi na elimu. Kiswahili, basi, hakikutafsiri neno hilo. Kilitazama kazi ya nyumba, kikaipa jina kutokana na kazi hiyo.

Jina hilo lina sharti ndani yake. Kitu hakiwezi kumkumbusha mtu jambo ikiwa hakuna ajuaye kinaitwaje na kilifanya kazi gani. Kiti kisicho na jina ni gogo lililochongwa tu. Kwa hiyo, katika makumbusho, kazi ya mtu wa istilahi ni sehemu ya uhifadhi wenyewe, sawa na kazi ya anayezuia mchwa.

Neno la pili ni sanaa. Asili yake ni Kiarabu, katika shina lenye maana ya kutengeneza na kazi ya ufundi. Katika asili hiyo hakuna ukuta kati ya kitu kizuri na kitu cha kazi: mhunzi, mfinyanzi na mchongaji wote wamo. Baadaye mgawanyo uliingia katika matumizi ya kiserikali, na Sheria ya mwaka 1984 iliyounda Baraza la Sanaa la Taifa ilikuta tayari tumezoea kusema sanaa za maonyesho na sanaa za ufundi. Mgawanyo huo una manufaa yake ofisini. Katika Usukuma, hata hivyo, kuna vitu vingi visivyokubali kukaa upande mmoja. Mwaka 1953, Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alichapisha mjini London kitabu kuhusu michoro ya ukutani katika nyumba za chama cha wacheza nyoka. Wasomaji wa Ulaya waliitazama kama picha. Kwa wanachama, michoro ile ilikuwa ni sehemu ya mafunzo ya chama chao. Tukisema “michoro ya ukutani” tumetaja mahali ilipo, na kazi yake bado hatujaitaja.

Kuanzishwa kwa Bujora

Kiswahili hakikufika kandokando ya ziwa hili pamoja na shule wala makanisa. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kuweka makazi Kageye kabla Henry Stanley hajafika hapo mwaka 1875. Mapadre Weupe walifika baada yao, nao wakafungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883. Reli ya kutoka Tabora iliingia Mwanza mwaka 1928. Kwa hiyo lugha mbili, Kisukuma na Kiswahili, zimeishi jirani katika ufuko huu kwa muda mrefu, na kukopeshana kwake si jambo la kuanzishwa leo.

Katika miaka ya 1950, Padre David Clement, mmisionari wa Kanada wa shirika hilo la Mapadre Weupe, akishirikiana na waumini wa Bujora, alianza kukusanya nyimbo, masimulizi, ngoma na vifaa vya Kisukuma. Kusudi la kwanza lilikuwa la kidini: walitaka ibada iliyo na sauti na sura ya Usukuma. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa umbo la mviringo kama nyumba ya Kisukuma, na ndani yake zikatumika alama za utemi. Hali kadhalika, sikukuu ya Ekaristi ya mwezi Juni ilipata jina la Bulabo, neno la Kisukuma lenye maana ya maua, na ikaambatana na mashindano ya vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Vyama hivyo vinahesabu asili yake kwa watu wawili waliokuwa mahasimu katika karne ya 19, Ngika na Gumha. Hadi leo kila upande hucheza kwa wakati mmoja na mwenzake, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi.

Makumbusho yalifunguliwa rasmi mwaka 1968. Msomaji aitazame tarehe hiyo pamoja na nyingine. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, sheria iliwaondolea machifu wa Tanganyika madaraka yao. Watemi wa Usukuma wakawa wananchi kama wengine. Kukusanya kulikuwa kumeanza wakati viti na ngoma za utemi bado vikitumika. Milango ya makumbusho ilifunguliwa wakati vimekwisha kuachwa. Kati ya tarehe hizo mbili, kitu kilekile kilihama kutoka katika utawala na kuingia katika historia. Jina lake lilikuwa hatarini kupotea njiani, kwa maana watu waliolitamka kila siku kwa sababu ya kazi yao hawakuwa tena na kazi hiyo.

Mgeni anayezuru Bujora hukuta nyumba kadhaa zilizotengana: ya watemi, ya vyama vya ngoma, ya mhunzi, ya mganga, na makao ya kawaida ya Kisukuma. Hukuta pia onyesho ambalo wasomaji wa jarida kama hili watalipenda. Linaonyesha namna makundi ya marika yalivyohesabu kutoka moja hadi kumi, kila rika kwa maneno yake. Mtu alijulikana ni wa rika gani kwa maneno aliyotumia kuhesabu. Hapo tunajifunza kwamba katika jamii hii neno halikuwa kibandiko cha juu tu. Lilimwonyesha mwenzako wewe u nani.

Kiti cha mtemi

Nyumba ya watemi hapo Bujora imejengwa kwa umbo la kiti cha utemi. Mwenye kuifahamu alama huelewa kabla hajaingia kwamba yumo katika habari za utawala. Asiyeifahamu huona nyumba yenye umbo la ajabu. Sasa tutazame namna ya kukiita kiti hicho.

Kiswahili kina kiti, kigoda na kiti cha enzi. Kiti ni pana mno. Kigoda humpeleka msomaji jikoni au barazani. Kiti cha enzi kinafaa kwa heshima yake, lakini enzi ni neno lililotoka Kiarabu likiwa na harufu ya masultani na ya vitabu vya dini, na humfanya msomaji afikirie ufalme wa namna nyingine. Kisukuma husema “isumbi”, na kikitaka kubainisha husema “isumbi lya butemi”. Utemi haukuwa usultani. Mtemi alichaguliwa, alifungwa na miiko mingi, na mvua ilipokosekana yeye ndiye aliyeulizwa. Jina lenyewe lahusiana na kitenzi kutema, yaani kukata, ambacho Kiswahili nacho kinacho, kama tusemapo kutema kuni. Wako wanaosema mtemi ni yule aliyefyeka pori na kufungua nchi, na wako wanaosema ni yule akataye mashauri. Kwa vyovyote, kiti chake ni cha mtu wa nchi na wa mashauri.

Tunapendekeza kiitwe isumbi la utemi. Najua wapo watakaosema tunaleta neno geni, nasi tunawakumbusha neno ikulu. Katika Kinyamwezi na Kisukuma, ikulu ni makao ya mtemi. Neno hilo lilichukuliwa na Kiswahili, likapewa makao ya Rais wa nchi, na leo hakuna mtoto wa shule anayelidhania kuwa geni. Kama makao ya mtemi yaliweza kutupa jina la makao ya Rais, kiti kilichokuwa ndani ya makao hayo hakiwezi kushindwa kutupa jina la kukiita chenyewe.

Ni kweli kwamba katika Kisukuma isumbi ni kiti chochote, hata cha mkulima nyumbani kwake, na kwamba Kiswahili kikilichukua kwa ajili ya kiti cha utemi kitakuwa kimelibana neno. Jambo hilo si kosa. Ndivyo maneno yanavyofanya yakihama. Ikulu nalo lilibanwa likabaki na maana moja. Linalotakiwa ni kwamba mwandishi wa istilahi aseme waziwazi kuwa ameibana maana, ili mwenye lugha asione amenyang'anywa neno lake.

Ngoma iliyo madaraka

Mfano wa ngoma ni mzito zaidi, maana hapo mfasiri anaweza kugeuza historia bila kukusudia. Katika Kiswahili cha kila siku, ngoma ni ala inayopigwa, ni mchezo unaochezwa, na ni shughuli yenyewe ya unyago au ya pepo. Kisukuma kimetenganisha. “Ng'oma” ni ala; “mbina” ni mchezo. Mtungaji na kiongozi wa nyimbo za mchezo huitwa “ningi”, naye anakaribiana na yule ambaye Kiswahili humwita manju.

Katika utawala wa watemi palikuwa na watu walioitwa “banang'oma”. Neno kwa neno, ni wana wa ngoma. Mfasiri mwenye haraka ataandika “wachezaji wa ngoma”, au akijitahidi zaidi, “wapigaji wa ngoma”. Wote wawili watakuwa wamewafukuza barazani watu waliokuwa na uzito kuliko wengi. Banang'oma walikuwa wazee wa karibu wa utemi, nao walikuwa na sauti katika kumchagua mtemi mpya. Ngoma inayotajwa katika jina lao ni ngoma ya utemi, ambayo kuwa nayo ni kuwa na nchi. Sentensi isemayo kwamba mtemi alichaguliwa na wachezaji wa ngoma ingemfanya mwanafunzi acheke, na kicheko hicho kingekuwa ndicho kitu pekee alichojifunza juu ya utaratibu wa uchaguzi katika nchi ya babu yake.

Wala ngoma ya madaraka si jambo geni kwa Mswahili wa pwani. Ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu wa Unguja zilikuwa alama za utawala wake. Baada ya kufariki Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed mwaka 1865, utawala huo ulififia, na vitu hivyo vikaishia katika makumbusho ya Zanzibar. Lamu na Pate nazo zina siwa mashuhuri. Pwani, kwa hiyo, iliyapitia yaleyale yaliyopita Usukuma karibu miaka 100 baadaye: utawala uliondoka, ala zikabaki. Siwa ilisalimika katika lugha kwa kuwa Kiswahili hakikuiita tarumbeta. Tungeiita tarumbeta, tungekuwa tumepoteza nusu ya habari. Tuwatendee banang'oma kama tulivyoitendea siwa.

Kosa la namna hiyohiyo linanyemelea jina “nsumba ntale”. Huyu alikuwa kiongozi wa vijana, aliyechaguliwa na vijana wenyewe kuongoza kazi zao za pamoja, hasa za kulima. Maana ya neno kwa neno ni kijana mkubwa, au kapera mkuu. Ukiandika hivyo, cheo kimegeuka kuwa umri. Na “ng'wanangwa”, aliyesimamia kijiji kwa niaba ya mtemi, aliingia katika Kiswahili cha ofisi za zamani kama mwanangwa, wingi wake wanangwa. Makarani wa wakati ule hawakuwa na kamati ya istilahi. Walisikia neno, wakalivika viambishi vya Kiswahili, wakaendelea na kazi. Njia yao ilikuwa sahihi kuliko nyingi za baadaye.

Hoja za wapinzani

Hoja ya kwanza tunayoitarajia ni ya umoja. Itasemwa kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba kuyajaza maneno ya kabila moja, tena lililo kubwa kuliko yote nchini, ni kuingiza upendeleo. Wasiwasi huo una msingi katika historia yetu na hatuupuuzi. Lakini tuutazame ufuko wote wa ziwa. Upande wa magharibi, Kihaya kimetupa neno ngeli, ambalo kila mwalimu wa sarufi analitumia. Upande wa mashariki, Kizanaki kimetupa kung'atuka, neno lililokwenda nchi nzima Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985. Upande wa kusini ndiko ikulu. Hakuna Mtanzania anayedai kwamba ngeli za nomino ni mali ya Wahaya. Neno likishapokewa na wote huwa la wote, na upendeleo huondoka kwa kuchukua maneno kutoka pande nyingi, si kwa kukataa yote.

Hoja ya pili ni ya kueleweka. Mwanafunzi kutoka Mtwara ataelewaje isumbi? Ataelewa kwa kuelezwa, kama alivyoelezwa maana ya ikweta. Kibandiko cha makumbusho kina nafasi ya mistari kadhaa, na mstari wa kwanza ukiwa na jina, wa pili unaweza kuwa na maelezo. Neno lisiloeleweka mara moja lina faida moja katika makumbusho: humfanya mgeni aulize. Neno kiti halimfanyi mtu aulize chochote.

Hoja ya tatu ni ya maandishi na sauti. Kisukuma kina sauti ambazo Kiswahili hakina katika nafasi hizo. Hata jina la jiji la Mwanza, Wasukuma hulitamka Ng'wanza. Hapa tunakubali kwamba neno likiingia Kiswahili livae mavazi ya Kiswahili, na ulinganifu wake ni wa kawaida kabisa. “Ntemi” na “batemi” wamekwisha kuwa mtemi na watemi. “Butemi” umekuwa utemi. Kwa kanuni hiyohiyo “ng'wanang'oma” na “banang'oma” watakuwa mwanang'oma na wanang'oma. Tunashauri king'ong'o kibaki katika neno hili, kwa kuwa Kiswahili kinacho tayari katika ng'ombe na ng'ambo, na kwa kuwa ndicho kitakachomzuia msomaji asiwadhanie kuwa wachezaji.

Mwenye shaka kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo huo bila kuvunjika, tunamwelekeza Ukerewe, kisiwa kilicho ng'ambo ya Mwanza. Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe habari ndefu za Myombekere na Bugonoka na watoto wao, akaimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kuichapisha katika lugha ile. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980 katika vitabu viwili. Yeye alifariki mwaka 1981. Mila za ndoa, tiba, ulimaji na upikaji wa pombe zimo humo kwa majina na taratibu zake, na Kiswahili chake kinasomeka. Kwa maoni yetu, kitabu kile ni makumbusho yaliyojengwa kwa maneno, na aliyeyajenga alijua lugha zote mbili kutoka ndani. Kilichomgharimu ni muda: miaka 35 tangu kumaliza hadi kuchapishwa. Maneno ya vitu vya Bujora hayana hakika ya kungojewa muda kama huo.

Jina la ziwa

Kabla ya kuhitimisha, hatuna budi kugusa jina moja kubwa ambalo kila kibandiko cha eneo hili hulitaja. Tarehe 3 Agosti, 1858, John Speke alisimama katika mwinuko wa Mwanza akalipa ziwa jina la malkia wake. Wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa wakiliita Ukerewe, kwa jina la kisiwa. Wenyeji walisema nyanza, neno lenye udugu na nyanja yetu, ambalo maana yake ni ziwa tu. Ramani za zamani ziliandika majina mawili pamoja, Victoria Nyanza. Baadhi ya waandishi wetu, kwa nia njema ya kuliacha jina la malkia, wameandika Ziwa Nyanza, na hivyo wamesema ziwa mara mbili. Mfano huu unatufundisha kwamba nia njema peke yake haitoshi. Anayerudisha jina la wenyeji inampasa kwanza ajue wenyeji walikuwa wakisema nini.

Mapendekezo

Kutokana na hayo yote, tunawawekea wasomaji mapendekezo yafuatayo wayapime katika kazi zao.

Kwanza, katika orodha na vibandiko vya makumbusho, jina la kwanza la kitu liwe lile la lugha ya waliokitengeneza, likiandikwa kama linavyotamkwa. Chini yake liwekwe jina la Kiswahili, na baada ya hapo maelezo ya kazi ya kitu. Lugha ya kigeni, ikihitajika kwa ajili ya wageni, ifuate mwisho.

Pili, majina ya vyeo yasitafsiriwe neno kwa neno. Yaingizwe kwa viambishi vya Kiswahili kwa kufuata mfano wa mtemi na mwanangwa. Kwa kundi lililohusika na uchaguzi wa mtemi, litumike neno wanang'oma.

Tatu, itumike isumbi la utemi, wingi wake masumbi ya utemi, kwa kiti cha mtemi. Kiti na kigoda yabaki kwa viti vya kawaida.

Nne, ngoma iliyokuwa alama ya utawala iitwe ngoma ya utemi bila kufupishwa. Panapozungumzwa uchezaji wa Kisukuma, neno mbina litumike angalau mara moja pamoja na maelezo, ili msomaji asichanganye ala na mchezo.

Tano, walimu walioko kandokando ya ziwa wawape wanafunzi wao kazi ya kuuliza nyumbani majina ya vifaa, sehemu zake, na vitenzi vinavyotumika navyo. Mhunzi hana nyundo na mvukuto tu; ana jina la kila hatua ya chuma katika moto. Warongo wa Buzinza, waliofua majembe yaliyokwenda mbali kama mahari na kama bidhaa, walikuwa na msamiati mzima wa kazi hiyo. Majembe yao yanaweza kukaa kabatini miaka 200. Msamiati hukaa katika kinywa cha mtu, na mtu huyo ana umri. Kila jina litakaloletwa liandikwe pamoja na mahali lilikosikika na mwaka, kisha lipelekwe kwa wahusika wa istilahi likiwa na maelezo yake.

Bujora wamefanya sehemu kubwa ya kazi kwa kuvihifadhi vitu. Sehemu iliyobaki ni yetu sisi tunaoandika. Tunawaomba wafasiri, kabla ya kufungua kamusi ya Kiingereza, wamwulize kwanza Msukuma mmoja mzee kitu hicho kinaitwaje, na nani aliruhusiwa kukigusa.